Aliyefunga Huning'inia Kwanza

Lukresia aliweza kuvumilia mengi. Alimvumilia mumewe, Mayige, alipooa mke wa pili, ingawa ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi ambalo yeye Lukresia ndiye aliyekuwa akilifagia kila asubuhi. Alimvumilia huyo mke wa pili, Esteria, alipojengewa nyumba ya bati kando ya barabara ya Maswa, na yeye akabaki kule Somanda chini ya paa la nyasi. Hata redio kaseti ilipopelekwa kwa bi mdogo alisema ni kelele tupu, acha ikae hukohuko. Lakini kamba ilimshinda. Kamba ilimnyima usingizi na kumfanya aunguze ugali.

Kisa cha kamba kilianzia tumboni. Zamani Mayige alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, mtu mwembamba wa baiskeli, kazi yake kupima pamba ya wakulima na kuwaambia malipo yako njiani. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, chama kikabaki jengo na kufuli, na Mayige akachukuliwa na mnunuzi mmoja wa Mwanza awe wakala wake hapo Bariadi. Mambo yakageuka. Sukari ikapatikana bila foleni, bia zikawa za kuchagua, na Mayige akawa mtu wa kukaa kwenye kiti mbele ya ghala huku wenzake wakibeba. Baiskeli akampa Shigela, mwanawe mkubwa kwa Lukresia; yeye akanunua pikipiki. Haikupita misimu mingi akawa na tumbo linalomtangulia mlangoni.

Watu walilisifu lile tumbo, na sifa zote zilimwendea Lukresia. Usukumani mume akinenepa anasifiwa mke. Akikonda, mke ndiye anayeulizwa. Esteria alikuwa bado kijana, mwepesi wa miguu, aliyezoea kuuza mitumba sokoni na kupika vya harakaharaka. Jikoni hakuwa mshindani. Lukresia alimsongea mumewe ugali wa kushiba, akampikia nyama ya mafuta, akamimina samli juu, na kila kifungo cha shati kilichokatika alikishona huku akitabasamu.

Basi siku moja Mayige akashikwa na kizunguzungu mnadani, akapelekwa hospitali, na Lukresia akafuatana naye. Daktari hakumung'unya maneno.

"Mzee, presha yako ni ya kuua. Punguza nyama, punguza bia, na mwili huo uutoe jasho kila siku. La sivyo itakuangusha upande mmoja, na kuinuka itakuwa kazi."

Lukresia aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Tunalisema hili mapema ili baadaye asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Kutoa jasho, sawa, lakini kwa njia gani? Kutembea kwa miguu Mayige alikataa. Wakala wa pamba akionekana anatembea kwa miguu, jioni hiyohiyo wakulima wamejaa uani kwake wakidhani kafilisika. Kukimbia ndiyo usiseme. Mtu mzima akikimbia Bariadi, watu wanatoka na fimbo kumsaidia kumkamata mwizi. Ndipo akakumbuka jeshini, enzi za vita vya Kagera, walivyokuwa wakipandishwa kamba kwa mikono mpaka makwapa yawake moto. Kamba inapandwa ndani, mlango umefungwa, na hakuna wa kukucheka.

Nyumba ya Esteria ilikuwa imeunganishwa na ghala la pamba. Juu ndani ya ghala ilipita boriti ya mninga, nene, iliyolazwa kwenye kuta mbili za matofali ya kuchoma, na kwenye boriti hiyo ndiko ilikotundikwa mizani. Ilikwisha kubeba pamba ya nusu ya wilaya na haikuwahi kulia. Mchana ilibeba mizani. Jioni mizani ikashushwa, ikatundikwa kamba, ile nene ya kufungia marobota kwenye lori. Mayige hakutaka kamba ibaki ikining'inia bure wakati hayupo, kwa sababu aliyoijua mwenyewe, kwa hiyo kila jioni ilifungwa upya.

Na mfungaji alikuwa Esteria. Siku ya kwanza Mayige alijaribu kupanda ngazi, kipandio kikavunjika chini yake, akaamua kusimama chini na kumfundisha mke wake mdogo. Kipande cha gunia kwanza juu ya boriti, ili kona ya mbao isiikate kamba. Kamba izunguke mara mbili juu ya gunia. Fundo livutwe mpaka ling'ate, na mkia uachwe mrefu, ufungwe tena. Kisha kulikuwa na sheria ya jeshini ambayo Mayige hakuilegeza hata siku moja: aliyefunga huning'inia kwanza. Kama fundo ni bovu, limwangushe mwenyewe.

Lukresia alianza kuyajua haya kwa kushika mikono ya mumewe. Zamu yake ilipofika, Mayige alikuja Somanda jua limezama, amechoka, ameoga hukohuko, akala kidogo akalala kama gogo. Lukresia akashika viganja vyake, akakuta sugu mpya, na hizo sugu zimelainishwa kwa mafuta. Akanusa. Ilikuwa samli. Samli ya ng'ombe wake, aliyoisuka yeye mwenyewe kwenye kibuyu na kuipeleka kwa bi mdogo kwa heshima ya nyumba.

"Samli yangu siku hizi ni ya kupaka mikono?" aliuliza.

"Esteria anasema inazuia malengelenge," Mayige akajibu, nusu usingizini.

Esteria anasema! Lukresia aligeuka akaukabili ukuta, roho inamuuma kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Jioni iliyofuata alibeba kibuyu kingine cha samli, kisingizio kizuri tu, akashika njia hadi barabara ya Maswa. Macho hayana pazia, akaone mwenyewe.

"Mwadila, dada," Esteria alimpokea mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, jasho puani.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu ndani, tumo ghalani, ndiyo tunaanza."

Tumo. Tunaanza. Lukresia akaingia.

Mayige alikuwa amesimama katikati ya ghala kwa bukta, kifua wazi, mikono kiunoni. Kamba ilikuwa imeshafungwa. Akaitazama kuanzia chini mpaka juu kwenye boriti, akauliza kwa sauti ya sajini:

"Nani kafunga?"

"Mimi, afande!" Esteria akaitikia.

"Haya, ning'inia!"

Esteria akaruka akaidaka kamba, akakunja miguu, akabembea chini ya boriti huku akicheka. Na Mayige akamtazama. Hapo ndipo Lukresia alipochomwa. Kama mumewe angemtazama yule mwanamke kwa tamaa, angeyameza. Tamaa anaijua, inakuja na kupita. Mayige alimtazama kwa kumwamini. Mwanamume mzima, mwenye watu na mali, alikuwa akienda kuuweka uzito wake wote juu ya fundo la Esteria, kila jioni ya Mungu. Miaka yote Lukresia aliyompikia, hajawahi hata siku moja kuinua macho kutoka kwenye sahani akauliza nani kapika.

Kisha Mayige akapanda. Akavuta, akaguna, akafika nusu, akashuka akihema. Tumbo lilikuwa limepungua kweli. Mwezi huo daktari alikuwa amempongeza.

"Dada, na wewe jaribu," Esteria alisema, bila ubaya.

"Mimi nina watoto wakubwa. Sibembei."

Mayige alipomsindikiza nje, Lukresia alisema jambo la haki kabisa. "Baba Shigela, hiyo kamba ifungwe na kwangu. Siku zangu ufanyie kwangu."

Mayige akacheka. "Mama Shigela, miti ya paa lako imeliwa na mchwa. Haibebi hata mbuzi."

"Na nani alisema ataibadilisha?"

"Msimu ujao."

Huo msimu ujao Lukresia alikuwa akiusikia tangu Shigela ananyonya. Alirudi Somanda akitembea upesi, na kabla hajafika kwenye zizi alikuwa ameshampata mtu wa kumtuma.

Mtu huyo ni Minza, shangazi yake Mayige, bibi wa kijiji cha Sola aliyekula chumvi nyingi. Katika ukoo ule kulikuwa na jambo lisilosemwa. Mahona, kaka yake Minza, mwaka ng'ombe wake walipokufa wote, alijitia kitanzi mtini, na Minza ndiye aliyemkuta, angali msichana, ametumwa kumwita ale. Mti ule ulikatwa ukachomwa pamoja na mizizi, na kamba yake pia. Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo ule aliyetundika kamba juu, hata ya kuanikia nyama. Bibi harusi anayeingia anaambiwa mara moja tu, asije akafanya mzaha. Lukresia aliambiwa. Mayige naye alijua, ndiyo maana alifunga mlango wa ghala na kuifungua kamba kila alipomaliza. Alijiambia kwamba mambo ya jeshi ni mbali na mambo ya kwao. Esteria, aliyeolewa mjini kwa haraka, hakuambiwa na mtu.

Lukresia akamwalika shangazi. Akamlaza pazuri, akampa michembe ya viazi vitamu na maziwa, akamsikiliza habari zote za Sola. Jua lilipoanza kuteremka alimwambia kwa upole, "Shangazi, hujamsalimia bi mdogo. Shigela atakupeleka kwa baiskeli. Ukifika usibishe hodi mbele. Mara nyingi wanakuwa ghalani, wewe sukuma tu mlango." Hayo ndiyo aliyosema. Ukimhukumu kwa maneno, humpati na kosa.

Minza akasukuma mlango. Ghalani kulikuwa na kiza cha jioni, na katika kile kiza akaona boriti, akaona kamba, akaona mtoto wa kaka yake ananing'inia katikati ya hewa, miguu inapiga huku na huku.

Ukelele alioutoa ulisimamisha magari barabarani. Mayige alishtuka akaiachia kamba, akaangukia marobota, akainuka mzima, lakini shangazi hakuona kwamba ni mzima. Alikuwa ameketi chini, kitambaa kimemvuka kichwani, analia kwa Kisukuma, "Yaya! Yaya! Hapana, Mahona!" Majirani walijaa. Ilibidi Mayige apige magoti mbele yake, amshikishe uso wake, amwambie, "Shangazi, ni mimi, ni Mayige, ninapumua." Bibi wa watu akampapasa shingo yote kwa vidole, akaendelea kulia.

Shangazi aliugua. Ukoo ukakaa kikao kule Somanda. Mbuzi akachinjwa, kamba ikachomwa uani, na Mayige akatakiwa kuapa mbele ya Minza kwamba hatatundika kamba tena. Aliinamisha kichwa. Nani angebishana na uso wa shangazi yule?

Esteria peke yake alisimama. "Jamani, ile ni dawa yake. Daktari alisema." Wazee wakamtazama kama mtu aliyekohoa kanisani. Akageuka. "Dada, wewe ulikuwepo daktari aliposema. Waambie."

Watu wote wakamgeukia Lukresia. Ilikuwa nafasi pana, ya kupitisha gari la ng'ombe. Lukresia akaangalia chini, akajifunga upya kanga yake.

"Mbele ya shangazi mimi nitasema nini?"

Mayige akaapa.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha kwa Lukresia. Hapakuwa tena na kitu cha kumwita Mayige barabara ya Maswa kila jioni. Alikuja Somanda mapema, akaketi, akavua viatu, akala. Viganja vyake vikawa laini vyenyewe, bila samli ya mtu. Samli ilirudi mahali pake, juu ya nyama. "Sasa umerudi kuwa mtu," Lukresia alimwambia, akaanza kushona vifungo vya mashati kama zamani. Esteria alituma ujumbe kwamba basi Mayige atembee hata kidogo. Lukresia alimwambia aliyeleta ujumbe ale kwanza, kisha hakuufikisha.

Mayige alianguka wakati wa kupalilia pamba. Alikuwa ameketi mbele ya sahani, hapohapo kwa Lukresia, ametia mkono kwenye ugali, na mkono ukakataa kurudi. Akainamia upande wa kulia polepole mpaka kichwa kikagusa mkeka, macho wazi, yakimwangalia mpishi.

Alirudi kutoka hospitali akiwa nusu. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, maneno yanatoka vipandevipande. Mnunuzi wa Mwanza alitafuta wakala mwingine mwenye ghala jingine. Na mgonjwa, kwa desturi, akalazwa kwa mke mkubwa. Lukresia aliyekuwa akigombea siku zake, sasa alikuwa na siku zote. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, na usiku na mchana hapakuwa na zamu ya mtu mwingine. Ndicho alichokitaka. Alikaa kando ya mgonjwa akakitazama.

Esteria alikuja kila siku kwa miguu. Yeye ndiye aliyeleta maneno ya mtaalamu wa viungo wa hospitali: mgonjwa atundikiwe kamba juu ya kitanda, imara, ajifunze kujivuta na kukaa kwa mkono wa kushoto. Asipojivuta, atalala hivyo hadi kaburini.

"Itundikwe wapi?" Lukresia aliuliza, akatazama juu. Miti ya paa lake ilikuwa inamwaga unga wa mchwa.

Siku ya pili likaja gari la ng'ombe, na juu yake boriti ya mninga. Esteria alikuwa ameing'oa ghalani. Nguzo mbili nene zenye panda zikachimbiwa chini, moja kichwani pa kitanda na nyingine miguuni, zikashindiliwa mawe, boriti ikalazwa juu yake. Kuhusu kiapo, Esteria alikuwa ameshakwenda Sola kumweleza Minza mwenyewe. Bibi akasema, "Fungeni. Mimi sitakuja kuangalia." Ndiyo yote.

Mayige alikuwa nje anaota jua kwenye kiti. Wake zake walibaki ndani, wawili tu, na kamba mpya.

"Nitafunga mimi," Lukresia alisema. Ni nyumba yake, ni mume aliye nyumbani mwake.

"Sawa, dada."

Akapanda ngazi. Akaweka gunia, akazungusha kamba, akafunga fundo analolijua, lile la kufungia ndama. Akashuka, akaishika kamba, akakunja miguu. Fundo likateleza. Lukresia akaketi chini kwa kishindo, kanga upande, mguu mmoja chini ya kitanda. Alisubiri kicheko. Alikihitaji, apate cha kuchukia. Esteria akamnyanyua, akamkung'uta vumbi mgongoni, akapanda ngazi. Mara mbili juu ya gunia. Akavuta mpaka likang'ata. Mkia mrefu, ukafungwa tena. Akashuka, akaning'inia kimya, bila kubembea. Boriti haikulia.

Shigela akamwingiza baba yake, wakamlaza. Mayige akaiona kamba. Akaifuata kwa macho kuanzia chini mpaka juu kwenye boriti, na uso wake uliokuwa umelala tangu siku ile ukaamka upande mmoja. Mdomo uliopinda ukahangaika.

"Na... nani... kafunga?"

Lukresia alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, na ukweli unausukuma kwa nyuma. Kabla kimoja hakijatoka, Esteria akajibu.

"Mama Shigela."

Mayige akageuza kichwa, akamtazama Lukresia. Akamtazama vilevile alivyokuwa akimtazama yule mwingine ghalani, kwa kumwamini. Yalikuwa ndiyo macho aliyoyatamani mpaka akafanya aliyoyafanya, na sasa ameyapata, na aliyempa ni Esteria. Wivu ukampanda upya, mbaya kuliko ule wa kwanza. Nyumba ya bati, redio, ujana, vyote angeweza kungoja vichakae. Hiki cha leo hakichakai, na bi mdogo alikuwa amemtangulia.

"Ha... ya," Mayige alisema. "Ning'i... nia."

Esteria alikuwa amesimama mlangoni, anatazama nje, amewapa mgongo. Lukresia akaishika kamba kwa mikono miwili. Akakunja miguu, na fundo la Esteria likambeba.